NANI ALIKULA KUMBUKUMBU YA ORDINATERE YETU?



Katika sanduku la maulizo tulikuta karatasi tatu, na zote tatu zinauliza jambo moja: «Tulilipa 4 Go. Mbona ordinatere inaonyesha 3,2 Go? Nani alikula ile ingine?»

Hatukutaka kujibu mbio-mbio, juu ya jambo hili liligusa jina la mtu. Tulikaa na mwalimu wa fizika siku nne baada ya masomo, tukauliza, tukahesabu kwa chaki, tukafuta, tukahesabu tena. Sasa tunaweza kujibu. Lakini jibu ni refu kidogo. Tunawaomba musome pole pole mpaka mwisho.

KISA CHENYEWE

Kwa wale ambao hawakuwa hapa: ordinatere ya shule yetu (kompyuta, sawa ndugu zetu wa Tanzania na Uganda wanavyosema) ilifika ikiwa na kumbukumbu ya 1 Go tu. Ilikuwa inachoka. Ukifungua vitabu viwili, unaweza kwenda kuchota maji na kurudi, bado inafikiri. Basi tuliuza mpunga na mihogo ya shamba la shule, tukachanga, na yaya yetu mmoja wa klasi ya sita alitumwa Kisangani na pikipiki, kilomita karibu 50, kununua kumbukumbu mpya. Alirudi na bareti mbili. Juu ya kila moja imeandikwa 2 Go. Mbili mara mbili ni nne. Hata mtoto wa masomo ya musingi anajua.

Tuliondoa bareti za zamani, tukatia zile mpya, tukawasha. Mashini ikaandika: 3,2 Go.

Hapo ndipo maneno yalianza. Mmoja alisema: «Walimudanganya ku duka.» Mwingine akasema: «Hapana, feza yenyewe ndiyo ilipunguka mu njia.» Kwa majuma mawili yaya yule alipita katikati yetu kama mtu mwenye ugonjwa. Hakujibu neno. Alionyesha karatasi ya duka tu, akanyamaza.

Mwalimu alipopata habari alituambia hivi: «Kabla ya kuuliza nani aliiba, ulizeni kwanza nani alihesabu, na alikuwa anaona mpaka wapi.» Neno hili ndilo litatuongoza katika makala hii yote.

1. KUMBUKUMBU NA ADRESI

Ndani ya ordinatere kuna fasi mbili za kuweka mambo. Ya kwanza ni diski. Ni kama kabati la prefe: ukifunga biro na kwenda kulala, asubuhi karatasi ziko palepale. Ya pili ni kumbukumbu ya kazi, ile wauzaji wanaita RAM. Hii ni kama tablo ya klasi. Mwalimu anaandika, anafuta, anaandika tena. Umeme ukikatika, yote inafutika. Bareti tulizonunua ni za kumbukumbu hii ya pili.

Tablo hii imegawanywa katika vyumba vidogo sana vinavyoitwa okteti. Okteti moja inatosha kwa herufi moja. Okteti 1 024 ni kilo-okteti moja (Ko). Ko 1 024 ni mega-okteti moja (Mo). Mo 1 024 ni giga-okteti moja (Go). Kwa hiyo 4 Go ni Mo 4 096. Mushike hesabu hii, tutairudia.

Kila okteti ina namba yake: ndiyo adresi. Na hapa wengi wetu tulikosea. Tulifikiri kila adresi ni kumbukumbu. Si hivyo.

Fikirini njia yetu ya kutoka Kisangani kwenda Banalia. Watu wanahesabu fasi kwa PK: PK 10, PK 20, PK 30, na kuendelea. PK ni namba ya njia. Haikuambii kama pale kuna shamba, ao kijito, ao makaburi, ao soko, ao shule. Mtu mugeni akisikia «njia ina kilomita 50», akasema «basi niko na kilomita 50 za kulima», ataanza kulima ndani ya mto na juu ya makaburi ya watu. Itakuwa vita.

Katika ordinatere vilevile. Adresi ni njia. Fasi zingine za njia ni kumbukumbu ya kweli, ni mashamba. Fasi zingine ni milango ya vyombo: kadi ya picha inayolisha skrini, kadi ya rezo, na vingine. Processeri anapotaka kusema na kadi ya picha, anaandika kwa adresi fulani, sawa vile anavyoandika ndani ya kumbukumbu. Na fasi zingine hazina kitu hata kidogo.

2. KWA NINI KUNA MASHIMO KATIKA NJIA

Mashimo haya yana historia. Mwaka wa 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ordinatere yake ndogo ya kwanza yenye jina PC. Processeri yake ilikuwa na waya 20 za adresi. Waya moja inaweza kusema sifuri ao moja. Waya 20 zinaweza kusema namba 1 048 576, ndiyo 1 Mo kamili. Wahandisi waligawanya njia hiyo: Ko 640 za chini kwa kumbukumbu, Ko 384 za juu kwa skrini na kwa programu ndogo iliyochongwa ndani ya mashini, inayoitwa Biosi. Wakati ule Ko 640 zilionekana kuwa nyingi.

Kisha mashini zikakua. Mwaka wa 1984 IBM ilitoa mashini yenye waya 24: njia ikawa ya 16 Mo. Mwaka wa 1985 kampuni ya Intel ilitoa processeri 80386 yenye waya 32: njia ikawa ya adresi 4 294 967 296, ndiyo 4 Go. Lakini programu za zamani hazikutupwa. Watu walikuwa wamezinunua, walitaka ziendelee. Basi lile shimo la kati ya Ko 640 na 1 Mo lilibaki palepale, na mashini nyingi za aina hii bado zinalibeba. Ni kama mti mukubwa ulioachwa katikati ya shamba: baba alipanda muhindi kuuzunguka, mutoto naye anauzunguka.

Shimo la pili liko mbali zaidi, chini kidogo ya 4 Go. Pale ndipo vyombo vipya vilipewa adresi zao. Zamani hakuna aliyeumia, sababu hakuna mtu wa kawaida aliyekuwa na 4 Go za kumbukumbu. Lakini siku mashamba yalipofika mpaka pale, yalikuta fasi imekwisha kukaliwa.

Shimo hili la pili ndilo lililotuletea maneno hapa shuleni.

3. KIINI KINAULIZA

Programu inayotawala mashini yote tunaiita kiini, kama kile kiini cha mbegu ya ngazi: maganda yako inje, lakini mafuta meupe yanatoka ndani. Ni kiini kinachogawa kumbukumbu kwa programu zingine zote. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza, kabla ya kugawa hata okteti moja, ni kujua mashamba yako wapi na mashimo yako wapi.

Mukiwasha mashini, kiini bado kinalala ndani ya diski. Anayeamka kwanza ni Biosi. Yeye ni kapita wa zamani wa fasi: anapita kwa kila bareti na kuisoma, sababu kila bareti inabeba kipande kidogo kinachosema ukubwa wake. Anavipa vyombo adresi. Kisha anasaidia kuamsha kiini, na kiini kinaingia kama prefe mupya aliyefika usiku katika shule asiyoijua. Prefe mwenye akili hafungui kila mulango gizani. Anamwita kapita na kumuuliza.

Katika mashini za aina ya PC, kuna namna tatu za kuuliza, na zinaitwa kwa namba zao.

Ya zamani ni ulizo 88. Biosi anajibu kwa namba moja tu: «Juu ya Mo ya kwanza kuna Ko fulani.» Namba yenyewe ina biti 16, kwa hiyo haiwezi kupita 65 535, ndiyo karibu 64 Mo. Mashini yenye 128 Mo ikiulizwa hivi, haina neno la kutosha la kujibu.

Ya pili ni ulizo E801. Biosi anajibu kwa namba mbili: moja ya chini ya 16 Mo, ingine ya juu yake. Ni vizuri zaidi, lakini bado haitoshi kusimulia mashimo mengi.

Ya tatu ndiyo kubwa, ulizo E820. Hapa Biosi hatoi jumla. Anatoa orodha, mustari kwa mustari. Kila mustari una okteti 20: nane za kusema fasi inaanza wapi, nane za kusema urefu wake, na ine za kusema ni fasi ya namna gani. Namna ziko hivi:

Namba 1: inafaa kutumiwa. Ndiyo shamba.
Namba 2: imekatazwa. Usiiguse.
Namba 3: ina karatasi za Biosi, kiini kikimaliza kuzisoma kinaweza kuchukua fasi.
Namba 4: Biosi ameweka mambo yake, iachwe hivyo siku zote.
Namba 5: kumbukumbu mbovu.

Kiini kinauliza: «Mustari wa kwanza?» Biosi anajibu na kumupa alama ya kuendelea. Kiini kinarudisha alama na kuuliza tena. Siku alama ni sifuri, orodha imekwisha. Tena kuna neno la siri: kiini kinatuma herufi ine, SMAP, na Biosi lazima azirudishe sawasawa. Asipozirudisha, kiini kinaelewa kwamba Biosi huyu hajui ulizo hili, na kinatupa yote aliyosema.

Mashini yetu inatumia Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika huko Finland mwaka wa 1991. Kiini cha Linux kikiamka kwa Biosi wa namna hii kinauliza namna zote tatu, E820 kwanza, halafu E801, halafu 88, ili kama moja imekosa, ingine isaidie. Katika mashini mpya zaidi, Biosi wa zamani amerithiwa na mwingine anayeitwa UEFI. Huyu naye anatoa orodha, kwa sauti ingine tu.

4. KWA NINI KIINI HAKIPIMI CHENYEWE?

Mmoja wetu aliuliza: «Sababu gani kuomba? Kiini kiandike namba kwa kila adresi, kisha kiisome. Ikirudi sawasawa, ni kumbukumbu. Isiporudi, ni shimo.»

Ni ulizo zuri. Zamani programu zingine zilifanya hivyo. Lakini kuna hatari tatu.

Hatari ya kwanza: ile adresi inaweza kuwa mulango wa chombo. Kuandika pale si kupima, ni kutoa amri. Ni sawa mtu anayetaka kujua kama waya ina umeme, akaishika na mukono.

Hatari ya pili: fasi tupu inaweza kudanganya. Namba uliyotuma inaweza kubaki kidogo juu ya waya zenyewe, na ukisoma haraka, unasikia sauti yako mwenyewe ikirudi, kama mtu anayeita ndani ya pori na kufikiri kuna mwenzake anayejibu.

Hatari ya tatu: katika mashini zingine adresi mbili zinafika ku chumba kimoja. Ukipima zote mbili utahesabu shamba moja mara mbili, halafu utalipa watu wawili fasi moja.

Ndiyo maana wanaoandika viini wanafundisha hivi: uliza mwenyeji kwanza.

5. KUULIZA NA KUCHUNGUZA JIBU

Lakini mwenyeji naye anaweza kukosea. Biosi anaandikwa na watu, na watu wanachoka. Orodha zingine zina mistari isiyofuatana. Zingine zina mistari miwili inayopandana: mmoja unasema «shamba», mwingine unasema «imekatazwa», kwa fasi ileile.

Kiini hakikubali orodha hivi-hivi. Kinapanga mistari tangu adresi ndogo mpaka kubwa. Fasi mbili zikipandana, neno kali ndilo linashinda: kama mmoja anasema limeni na mwingine anasema musilime, hapalimwi. Afazali kupoteza shamba dogo kuliko kulima juu ya kaburi. Kisha kiini kinalinganisha orodha na maandiko mengine ndani ya processeri, na kikiona fasi ambayo processeri hakuandikiwa kuifanyia kazi kama kumbukumbu ya kweli, kinaikata.

Kuna mufano mmoja unaofundisha sana. Biosi wengi wanasema kwamba Ko 640 za chini ni shamba, mutumie. Lakini iligunduliwa kwamba Biosi wengine, hata baada ya kutoa fasi hiyo, wanarudia kuandika pale kwa siri. Programu inaweka mambo yake, inarudi, inakuta yameharibika. Basi mwaka wa 2021 waandishi wa Linux waliamua kwamba katika PC kiini kitaacha Mo ya kwanza yote, siku zote, hata Biosi akisema nini. Kati ya Mo elfu nyingi, kupoteza moja si kitu. Amani ni bora.

6. ORODHA YA MASHINI YETU

Sasa turudie kwa bareti zetu. Linux ikiamka inaandika orodha ya E820 katika kitabu chake cha kuamka. Mwalimu alifungua kitabu hicho mbele yetu. Namba ziliandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, yenye herufi a mpaka f; tulizigeuza kwa hesabu yetu ya kawaida, na hii ndiyo tuliyopata:

Tangu 0 mpaka Ko 639: inafaa
Ko 639 mpaka Ko 640: imekatazwa
Ko 896 mpaka Mo 1: imekatazwa
Mo 1 mpaka karibu Mo 3 327: inafaa
Kipande kidogo kinachoishia Mo 3 328: karatasi za Biosi, pamoja na fasi iliyokatazwa
Mo 3 584 mpaka Mo 3 840: imekatazwa
Mo 4 076 mpaka Mo 4 096: imekatazwa
Mo 4 096 mpaka Mo 4 864: inafaa

Musome mustari wa mwisho tena. Tulipoufikia, klasi yote ilinyamaza.

Tulinunua Mo 4 096. Lakini kuna kumbukumbu ambayo inaanza ku Mo 4 096 na kwenda mpaka Mo 4 864! Inawezekana namna gani? Fanyeni hesabu: 4 864 kutoa 4 096 ni 768. Sasa angalieni fasi ya vyombo: inaanza Mo 3 328 na kumalizika Mo 4 096. 4 096 kutoa 3 328 ni 768. Namba ni ileile.

Ndiyo kusema: vyombo vilikuwa vimekalia PK za mwisho chini ya 4 Go. Mashini haikutupa kumbukumbu iliyopashwa kuwa pale. Iliihamisha. Iliipa adresi mpya, mbele ya 4 Go, kama watu wa mugini waliohamishwa kuacha fasi ya kiwanja, wakapewa udongo mbele ya daraja. Watu ni walewale, mashamba ni yaleyale, PK ndiyo ilibadilika.

Jumlisheni mashamba yote: karibu 3 326 na 768, jumla 4 094 na kidogo. Pungufu ni chini ya 2 Mo, ambazo Biosi na lile shimo la mwaka wa 1981 walijiwekea. Bareti zetu zilikuwa nzima. Duka halikudanganya. Feza haikupunguka mu njia.

Basi nani alikula 768 Mo? Hakuna aliyekula. Kiini chetu hakikuziona. Linux iliyowekwa ndani ya mashini yetu ilikuwa ya biti 32, ya namna ya zamani ambayo inahesabu adresi mpaka 4 Go na kusimama pale. Ilisikia Biosi akitaja mustari wa mwisho, iliuandika hata katika kitabu, lakini haikuwa na namba ya kuufikia. Ilihesabu mashamba ya upande huu wa daraja tu: Mo 3 326, ndiyo 3,2 Go.

Na jambo lililotupa haya zaidi: chini ya orodha ile, kiini chenyewe kilikuwa kimeandika onyo kwamba 4 Go za kwanza tu ndizo zitatumiwa. Onyo lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Sisi tuliangalia jumla, hatukusoma kitabu.

Dawa ilikuwa nyepesi. Tangu mwaka wa 1995 Intel ilikuwa imetoa namna ya kupita 4 Go hata kwa processeri za biti 32, inayoitwa PAE, na tangu mwaka wa 2003 kampuni ya AMD ilifungua njia ya biti 64 kwa mashini za PC. Processeri yetu inajua biti 64. Tuliweka Linux ya biti 64, tukawasha. Ikaandika karibu 3,9 Go.

Mutasema: mbona si 4 kamili? Kwa sababu kiini nacho kinakula kidogo, na hii si wizi. Kinagawanya kumbukumbu katika kurasa za okteti 4 096. Kwa kila ukurasa kinaweka karatasi ya okteti 64 ya kujua nani anautumia. 4 Go ni kurasa 1 048 576. Mukizidisha kwa 64 munapata 64 Mo. Ndiyo mushahara wa mwandishi wa buku. Ongezeni mwili wa kiini chenyewe, na hesabu inakuwa sawasawa.

7. NA TELEFONI ZETU?

Wengi wenu hamuna ordinatere, lakini muko na telefoni ku nyumba. Telefoni nyingi hazina Biosi wala E820. Processeri zao ni za ukoo mwingine, ARM. Kwa hizo, kiini kinapokea karatasi iliyoandikwa mbele, yenye umbo la mti na matawi: tawi moja linasema kumbukumbu iko wapi, lingine linasema fasi gani zimewekwa pembeni kwa picha na kwa redio inayosema na antene. Ndiyo maana telefoni ambayo kartoni yake inasema 2 Go inaweza kuonyesha chini ya 2 Go ndani, na si lazima iwe ya uongo. Raspberry Pi vilevile, ile ordinatere ndogo kama mukono iliyotoka Uingereza mwaka wa 2012: programu yake ya kuamsha inagawa kumbukumbu moja kati ya picha na kiini, kisha inakiambia kiini kiasi kilichobaki.

Karibu yetu, ngambo ya Kivu, wanafunzi wa Rwanda wanajua mufano mwingine. Tangu mwaka wa 2008 serikali yao iligawa ordinatere ndogo za kijani na nyeupe zenye jina XO kwa shule za musingi, zaidi ya 200 000 katika miaka iliyofuata. XO ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya 256 Mo tu, na ilitumia Linux. Ndani yake hakukuwa Biosi wa kawaida, kulikuwa programu inayoitwa Open Firmware. Kapita alikuwa mwingine, lakini kazi ileile: mbele ya kuanza masomo, kumuonyesha mugeni shamba liko wapi.

8. MUJARIBU NINYI WENYEWE

Kama mutapata mashini yenye Linux, fungueni dirisha la amri, andikeni dmesg, kisha mutafute mistari yenye neno e820. Mutaona adresi mbili kwa kila mustari, ya kuanza na ya kumalizia, na neno la Kiingereza mbele yake: «usable» ni shamba, «reserved» ni fasi iliyokatazwa. Kisha andikeni free -m, mutaona jumla kwa Mo. Mulinganishe. Mukiona jumla imepunguka sana kuliko mashamba ya orodha, mujue kiini hakifiki mwisho wa njia. Mukiona mashamba ya orodha yenyewe yamepunguka, hapo ndipo mufungue sanduku na kutazama bareti, pengine moja haikuingia vizuri. Na kama mashini inaanguka-anguka bila sababu, kuna programu ya bure, Memtest86+, inayopima kumbukumbu usiku muzima na kuonyesha adresi mbovu. Kiini cha Linux kinaweza kuambiwa kwa amri ya memmap kisiguse fasi ile.

NENO LA MWISHO

Maneno juu ya yaya yetu yalisemwa mbele ya watu wote, ku balabala na ku chumba cha kula. Haifai masahihisho yasemwe katika sikio. Kwa hiyo tunaandika hapa, katika gazeti ambalo kila klasi inasoma: alitumwa kununua Mo 4 096, alileta Mo 4 096. Alihesabu vizuri. Sisi ndio tulihesabu vibaya, sababu tulichukua jumla ya mtu asiyeona ngambo ya daraja, tukaihukumu kama neno la mwisho.

Tulipomuonyesha orodha, yaya alisoma mustari wa mwisho mara mbili, akacheka kidogo, akasema: «Basi sasa mufungue vile vitabu viwili, tuone kama bado munaenda kuchota maji.» Tulifungua. Hatukupata wakati wa kushika hata ndoo.

Maulizo mengine mutie katika sanduku, kwa kalamu inayosomeka, mbele ya siku ya Tano. Tunawatakia masomo mema.

Sisi waandishi wa gazeti lenu